Koo la Mpia

Juzi nilikwenda kumpongeza jirani aliyejifungua, na nilipoinama kumbusu mtoto utosini nikakutana na harufu ya mafuta meusi ya kokwa za mawese, yale yanayokaangwa mpaka yanatoa moshi. Nilirudi nyuma ghafla. Jirani akadhani nimemkuta mtoto ananuka. Nikamwambia hapana, mwanao ananukia vizuri, ni mimi tu na mambo yangu ya zamani. Kwetu mafuta hayo hayakuwa ya watoto wachanga peke yao. Mama aliyapaka kila jioni kwenye koo la ndugu yangu Mpia, na mimi nilikaa pembeni nikitazama vidole vya Mama vikishuka na kupanda, nikaona wivu ambao hata leo, na mvi zangu hizi, naukumbuka ladha yake.

Mimi ni Mbo. Anayejua habari za mapacha, au mapasa kama tunavyosema sisi, ameshaelewa: Mbo ndiye anayetoka kwanza, Mpia anafuata. Tulizaliwa, sisi wasichana wawili, Lubunga, ng'ambo ya mto, Kisangani, kwa sababu stesheni ya treni ya Ubundu iko upande ule na Papa, baba yetu, alikuwa mkaguzi wa tiketi. Siku tatu alikuwa safarini, siku tatu nyumbani. Ninyi wa rika langu mnaukumbuka wakati wenyewe: asubuhi shuleni tulicheza na kuimba sifa za kiongozi na chama chake kabla ya kufungua daftari, Jumamosi wakubwa walitoka na majembe kwenda salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mitaa, na kila mtu mzima aliitwa sitwayeni, yaani raia. Lakini ndani ya nyumba yetu serikali ilikuwa moja tu, nayo ni sheria ya mapasa.

Sheria yenyewe ni nyepesi. Anachopewa mmoja hupewa na mwenzake, siku ileile, kiasi kilekile. Mama alitwanga lituma, zile ndizi zilizochemshwa, akalifinyanga donge moja, kisha akalikata katikati kwa uzi wa cherehani, maana kisu, alisema, kinaiba. Mgeni aliyekuja na pipi moja alirudishwa dukani. Mpia akishikwa na malaria, na mimi nilimezeshwa kwinini, nikatapika kwa haki sawa. Akikosea mmoja, tulichapwa wote. Msidhani nilichukia. Nilikuwa mtoto wa kupima. Nilivitazama vile vipande viwili vya lituma kwa jicho moja limefumbwa, na kama cha Mpia kilikuwa na nundu mahali, nilisema. Wakubwa walinisikiliza, kwa sababu pacha aliyeonewa ni wa kuogopwa. Anaweza kukasirika akaondoka, yaani akafa, au akamwondoa mwenzake.

Kisha Mpia akaanza kukoroma. Tulikuwa na miaka saba hivi, naye alikuwa mwembamba kuliko mimi, na sauti ile haikulingana na kifua chake; waliopita njiani waliuliza kama Papa amerudi. Alilala kichwa kimeanguka nyuma, mdomo wazi, jasho limelowesha kitenge. Na katikati ya kukoroma, kimya. Tumbo linavutwa ndani, mbavu zinatokeza, vidole vya miguu vinatanuka, na hakuna hewa inayoingia wala kutoka. Halafu anashtuka, koo linatoa mlio kama wa bomba linalomeza maji, na kukoroma kunaanza upya. Alirudia kukojoa alipolala, jambo tulilokuwa tumeliacha pamoja. Shuleni alisinzia amesimama, katikati ya nyimbo za chama, na mwalimu badala ya kumchapa alimkalisha kivulini. Mimi niliendelea kucheza juani, nikimtazama.

Mama aliogopa. Papa akienda Ubundu, Mama alimchukua Mpia kwenye kitanda chao cha chuma, nyuma ya pazia, akalala na mkono juu ya kifua chake ili pumzi ikikatika aisikie na kumtikisa. Papa akiwepo, Mama alikuja kukaa kwenye mkeka wetu, upande wa Mpia. Kitanda kilikuwa chembamba, godoro la sufi limebonyea katikati, na hakikuchukua watu watatu, hilo nililijua. Hata hivyo asubuhi ya kwanza nilikwenda kudai haki yangu.

"Mama, leo ni mie," nilisema.

"Wee uko muzima, Mbo. Lala tu."

"Mais sheria inasema sawasawa." Mais kwetu ni lakini.

Mama alikuwa anasugua sufuria kwa majivu. Aliniinulia macho ya mtu asiyelala. "Pumzi haiko lituma, mutoto yangu," alisema. "Siwezi kuikata na uzi."

Hapo wivu ukaniingia barabara. Nilijaribu kulala kama Mpia, kichwa kimening'inia nyuma, nikaamka na shingo iliyokakamaa. Mama akanipaka yale mafuta meusi mara mbili, haraka haraka, akaniambia nisilale vibaya. Nilimwomba Mungu anipe koo bovu. Nilipiga kelele nyuma ya choo mpaka sauti ikakauka, na kwa siku mbili nilizungumza kama jogoo mzee, lakini hakuna aliyenipeleka kitandani. Mtoto mwenye wivu hana akili, ila ana bidii.

Safari moja Papa akarudi na dada yake kutoka Ubundu, Tantine Feza, na kapu la samaki wakavu. Alikuwa mjane mnene mwenye sauti ya upole, na yeye mwenyewe aliwahi kuzaa mapasa, wakafa wote wawili, kwa hiyo katika mambo haya hakuna aliyembishia. Alimsikiliza Mpia akilala mara moja tu. Asubuhi yake, Papa amekwisha kwenda stesheni, akatukusanya kwenye chai.

"Mama Mapasa," alimwambia Mama, "mumevunja sheria. Mumoja mumemupatia kitanda, mwingine mukeka. Donc mukubwa iko na kasirani. Ni yeye iko nafunga mwenzake koo."

Wote wakanigeukia. Kasirani ni hasira, lakini vile Tantine alivyolitamka ilikuwa ile inayokaa tumboni ikafanya kazi yake bila kumwomba mwenyewe ruhusa. Hakuna aliyekumbuka kwamba kukoroma kulianza kabla ya kitanda. Mama hakukumbuka, na mimi pia sikukumbuka. Nilichojua ni kwamba kasirani ninayo kweli, tena nyingi.

Tantine akaniuliza kwa adabu, kama mtu anayeongea na chifu. "Mbo, unataka tukupatie nini, ndiyo umuachie ndugu yako?"

Nilijua ninachotaka. Nilitaka mkono wa Mama juu ya kifua changu. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, aibu ikanishika, na kilichotoka mdomoni kilikuwa kingine.

"Mikate," nilisema, yale maandazi madogo yaliyouzwa njia panda. "Na sukari juu."

Tangu siku ile, kila jioni baada ya kula, Mama alipiga magoti mbele yangu na sahani ya mikate. Mama, mtu mzima na heshima zake! Mpia alipiga magoti kando yake, akapiga makofi polepole alivyofundishwa na Tantine: "Mbo, yaya yangu, niachie." Mimi yaya, yaani dada mkubwa, nikachukua funda la maji, nikamnyunyizia kichwani kwa mdomo, nikasema, "Nimekuachia." Halafu nikala. Mpia hakuruhusiwa kuonja hata mmoja, kwa kuwa ilikuwa faini iliyotolewa kwa ajili yake. Alinitazama nikitafuna, mdomo wazi kama kawaida yake, maana puani hewa haikupita vizuri hata mchana. Papa aliambiwa akasema mambo ya mapasa ni ya wanawake, akavaa kofia yake akaenda zake kazini.

Sitawadanganya, nilistarehe. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na kitu ambacho Mpia hana. Majirani walinisalimia kwanza mimi, tena kwa kunyenyekea. Na kwa kuwa Mpia hakupona, Tantine akasema roho yangu bado haijaachia yote, na faini ikapandishwa: sasa Mpia atoe kitu chake mwenyewe. Hakuwa na kitu, masikini. Kila alichokuwa nacho na mimi nilikuwa nacho. Akatoa nusu ya lituma lake. Kila jioni alinisogezea, yeye ambaye kumeza kwenyewe kulimtesa na mifupa ya mabega ilikuwa imeanza kujitokeza. Ningeweza kumrudishia, hakuna aliyenikataza. Nililila lote.

Aliyeniharibia starehe ni mwili wangu mwenyewe. Usingizi ulipokuwa unanijia, nikiwa ukingoni kabisa, nilishtuka mwili mzima na mguu ukajitupa kana kwamba nimekanyaga shimo. Leo najua karibu kila mtu hupatwa na hali hiyo, wala si kitu. Lakini siku zile ilitokea mara kadhaa nikashtuka, na papo hapo nikasikia ng'ambo ya pazia Mpia amekata pumzi. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Ule mshtuko ni mimi ninayetoka. Natoka mwilini, navuka pazia, namkaba ndugu yangu, narudi, nalala kama mtoto wa watu.

Nikaanza kuuogopa usingizi. Nilijifunga mguu kwa kipande cha kitambaa kwenye mguu wa meza ili nisiende mahali. Nilijaribu na dawa nyingine, ya kuacha wivu wenyewe. Nilikaa uani nikajiambia: Mbo, mpende Mpia. Na nilimpenda. Nilimpenda sana, na wivu ukabaki palepale ulipokuwa, haukusogea hata kidogo.

Jumamosi moja ya salongo, Mama na Tantine walikwenda kuzibua mifereji pamoja na wanawake wa mtaa. Mpia alikuwa amelala kwenye mkeka mchana kweupe, maana siku hizo alilala popote alipokaa.

"Mwangalie mwenzako," Mama aliniagiza mlangoni. "Akikata, mutikise."

Mvua ilikuwa inakaribia na nyumba ilikuwa na joto la kubana. Nilikaa karibu naye. Akakoroma, akanyamaza, akashtuka, akakoroma tena. Kisha akanyamaza na hakushtuka.

Nilimtikisa bega, kichwa kikayumba tu. Midomo yake ikabadilika rangi, ikawa ya majivu. Nikakimbilia kikombe, nikajaza maji mdomoni, nikamnyunyizia uso mzima. "Nimekuachia! Mpia, nimekuachia!" Hakuvuta pumzi. Na nilijua kwa nini. Hata wakati ule, maji yakinitiririka kidevuni, kona moja ya roho yangu ilikuwa inasema: sasa Mama atarudi mbio, na atamkimbilia yeye.

Nikamwuma. Sijui kwa nini nilichagua kidole cha mguu, labda ndicho kilichokuwa karibu. Nilikiuma kwa nguvu zangu zote hadi nikaonja damu, na Mpia akatoa mlio, akakaa wima, akavuta hewa, akaangua kilio. Hivyo ndivyo Papa alivyotukuta akiingia kutoka stesheni: binti mmoja analia, mwingine ana damu ya mwenzake mdomoni.

"Mbo! Ni nini hii?"

"Papa, ni mie," nilisema, na yote yakamwagika. "Ni mie niko naua Mpia. Kila siku nasema nimemuachia, mais sijaachia. Inakataa kutoka. Munipeleke mbali, munipeleke Banalia kwa koko, bibi yetu, ndiyo yeye apone."

Papa alikuwa mtu wa maneno machache. Alivua kofia, akakaa mkekani na sare yake ya kazi, jambo ambalo hatukuwahi kumwona akifanya. Alikipangusa kidole cha Mpia kwa leso yake. Kisha akanivuta nami nikae upande wa pili, akabaki hivyo mpaka wanawake waliporudi wamelowa.

"Siku ya kwanza tunavuka mto," aliwaambia. "Tunaenda kwa docteur."

Tantine Feza alianza kumweleza tena mambo ya kasirani. Papa hakumwacha amalize. "Feza, dada yangu," alisema, "kama wivu ingeweza kufunga koo, Lubunga nzima ingekuwa imekufa zamani."

Jumatatu, siku ya kwanza ya kazi, tulivuka kwa mtumbwi, sisi wanne. Mpia alisinzia mapajani mwa Papa kabla hatujafika katikati ya maji, na Papa akamwekea kofia usoni kumkinga jua. Kwenye benchi ya hospitali alisinzia tena, juu ya Mama. Daktari alikuwa kijana mwenye mikono ya baridi. Alimfungua Mpia mdomo, akakandamiza ulimi kwa kijiko, akamulika tochi, akaguna.

"Docteur, angalia na huyu," Mama alisema akinisukuma mbele. "Ni mapasa."

Akaniangalia na mimi. Kisha, sijui aliona nini usoni mwangu, akanipa tochi mkononi. "Karibia. Angalia ndani ya ndugu yako."

Niliangalia. Nyuma kabisa ya ulimi kulikuwa na vitu viwili vyekundu, vinene kama tunda la mchikichi lililoiva, vimesogeleana mpaka karibu vigusane. Kwa wengine huitwa mafindofindo.

"Amigdale," daktari alisema. "Akilala zinalegea, zinafunga njia ya pumzi. Tutazitoa."

"Haiko mie?" niliuliza.

"Wee? Wee umefanya nini?"

Nilimrudishia tochi. Nilifurahi mno, na msiniulize ilikuwaje, maana ndani ya furaha ileile nilijiona nimenyang'anywa. Muda wote ule nilikuwa mtu wa kuogopwa, na kumbe sikuwa nimefanya lolote. Tena Mpia alikuwa na kitu hata kooni ambacho mimi sina. Nikauliza yangu ziko namna gani. "Kidogo kidogo tu," daktari alisema. Mama, na sheria yake, akauliza kama haifai tukatwe wote wawili, na daktari akacheka mpaka akaweka kijiko mezani. Nilitoka nje nikalia. Papa alikuja kunibembeleza, akidhani nalia kwa ajili ya ndugu yangu.

Mpia alikatwa, akarudi nyumbani baada ya siku chache, anakunywa uji uliopoa na kuongea kwa mikono. Usingizi wake ukawa wa kimya hata Mama alikuwa akiamka kuhakikisha kama yupo. Alinenepa, akaacha kukojoa usingizini, akaanza kuamka kabla yangu. Tantine Feza alirudi Ubundu akisema mtoto amepona kwa sababu Mbo amekiri mbele ya baba yake, na mtaani walimwamini yeye kuliko daktari. Mikate ikakoma. Mama akamrudisha Mpia mkekani kwangu, na jioni hiyo nilimpa upande wa ukutani, ulio mzuri. Hakujinyoosha. Alikaa ameegemea ukuta, amekumbatia magoti.

"Lala wee kwanza," aliniambia.

Niliona ni heshima, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Nikalala. Miaka yote tuliyolala pamoja, mpaka alipoolewa, mimi ndiye niliyetangulia kulala, na nilijivunia jambo hilo.

Mama alifariki tukiwa wanawake wazima, kila mmoja na mji wake na watoto wake. Tulikutana Lubunga kwenye kilio. Siku ya tatu, mchana, wanawake walitandika mikeka chumbani wapumzike, na mimi na Mpia tukapewa mmoja, maana nani atawatenganisha mapasa? Nilikuwa hoi. Nikamwona amekaa, mgongo ukutani, macho mekundu kwa usingizi wa siku tatu, shingo inaanguka na kuinuka.

"Lala, Mpia."

"Lala wee kwanza."

Umri wote ule, na hapo tu ndipo nililisikia neno lenyewe: haikuwa heshima, alikuwa anaogopa kufumba macho mbele yangu. Nikainuka nikakaa. Nilizungumza chini chini ili wengine wasisikie.

"Mpia. Ilikuwa ni amigdale."

"Najua. Si mie ndiyo walikata?"

"Alors?"

Alifikiri kidogo. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Kichwa inajua, yaya," alisema. "Koo ndiyo haijajua."

Nilijilaza ubavu, nikampa mgongo, na mkono wangu wa juu nikauweka kwenye nyonga, mahali anapoweza kuuona. Nikafumba macho. Nikaanza kuvuta pumzi taratibu, ndefu, moja baada ya nyingine, kama mtu aliyezama usingizini. Nilimsikia bado amekaa. Wanawake wawili karibu na mlango walianza kukoroma, naye akaendelea kukaa. Sikugeuka, sikujikuna, mkono ukaniingia ganzi. Ilimchukua muda mrefu sana kuniamini.